Ukumbi Kwanza

Mti wa mkoko ndio uliopima vyumba vya pwani. Boriti iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba dari haizidi sana meta 3, na tangu zama za nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, mjenzi aliyetaka chumba kipana kuliko hapo ilimlazimu asimamishe nguzo katikati au aachane na wazo lake. Wengi waliachana nalo. Wakaongeza urefu, upana wakauacha palepale, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba. Ng'ambo ya maji kutoka kisiwani Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako nyumba nyingi hazikuwahi kubeba dari ya mawe na chokaa, fundi alikuwa huru zaidi, lakini mazoea yalivuka pamoja naye. Leo mpangaji anayetafuta chumba Mtongwe au Mlaleo huambiwa ni kumi kwa kumi, yaani futi 10 kila upande, na futi 10 hazitofautiani sana na ile boriti ya mkoko.

Nyumba yenyewe haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia Mombasa. Mbele ina baraza, kulia na kushoto kwa mlango, chini ya upenu. Mlango ukifunguka, ukumbi unakwenda moja kwa moja hadi nyuma. Vyumba vimejipanga pande zote mbili, viwili viwili kwa nyumba ndogo, vitatu vitatu kwa nyumba kamili. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa pili, na nje yake ni uani: jiko, choo, bafu, tangi la maji, kamba ya kuanikia nguo, pengine na mpapai. Watanzania wanaijua nyumba hiyohiyo Kariakoo, Ng'ambo ya Unguja, Tabora na Ujiji. Watu wa Nairobi waliiona ikipanda bara hadi Majengo ya Pumwani. Wasomi wa majengo huiita nyumba ya Kiswahili. Wanaokaa ndani yake husema nyumba, basi.

Sifa za ujenzi wa pwani kwa kawaida huishia kwenye milango ya kuchonga ya Lamu na vidaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani. Nyumba ya Likoni haina cha kutiwa kwenye kadi ya posta. Ubora wake umo katika maamuzi: nini kikaribiane na nini, nani amwone nani, upepo uingilie wapi, maji ya mvua yaangukie wapi. Maamuzi hayo hufanywa na fundi asiye na karatasi mkononi, kwa utaratibu ambao umeshinda kila badiliko la vifaa, kutoka udongo hadi mawe, kutoka makuti hadi mabati. Utaratibu wenyewe unaanzia ukumbini.

Uwanja ukishafyekwa na kusawazishwa, fundi hutoa kamba na vigingi. Huvuta kwanza mstari mmoja wa katikati, kutoka utakapokaa mlango wa mbele hadi utakapokaa mlango wa uani, kisha akaupa mstari huo upana. Upana huo hupimwa kwa maisha ya ndani. Watu wawili wapishane, mmoja amebeba ndoo ya maji, wasigongane. Kitanda kiingie chumbani bila kung'olewa miguu. Jeneza litoke bila kuinamishwa. Baada ya hapo vyumba hupangwa kulia na kushoto, kila kimoja na dirisha lake nje na mlango wake ukumbini, na fundi makini huikwepesha milango kidogo isitazamane, ili pazia likipeperuka, wa chumba hiki asijikute anamwangalia wa chumba kile.

Pembe huthibitishwa kwa kamba. Hatua tatu huhesabiwa upande mmoja, nne upande wa pili, na kamba ya mshazari inapaswa kusoma tano kamili. Ikipungua au ikizidi, kigingi kinahama. Hesabu hiyo hutoa jibu lilelile kwa aliyeisoma shuleni na kwa aliyeirithi kwa mjomba wake kazini. Nimewaona mafundi wakiirudia kwa kila pembe, kisha wakapima mishazari miwili ya nyumba nzima na kuilinganisha, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kugusa jembe. Kosa la vidole viwili kwenye kigingi huwa kosa la shubiri likifika kwenye paa, na huko juu halifichiki.

Mwelekeo nao una hesabu yake. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na mwaka wake umegawanywa na pepo mbili: kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika mwezi wa Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba hivi. Zote mbili hufika zikitokea baharini. Palipo na nafasi ya kuchagua, ukumbi huelekezwa uzipokee. Milango miwili ikiachwa wazi mchana, hewa hupita katikati ya nyumba na kuivuta ile iliyolala vyumbani. Hakuna feni, hakuna bili, na hakuna chumba kinachonyimwa, kwa kuwa vyote vina mlango kwenye njia hiyo moja.

Kinachofuata ni miti, na hapa msamiati wa pwani hauna mzaha. Miti ya mikoko huuzwa kwa daraja, kila daraja na jina lake na kazi yake. Fito ni nyembamba kuliko zote, unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Pau huzizidi, mazio huzidi pau, kisha huja boriti, ambayo unene wake ni kati ya sentimita 11.5 na 13.5, na juu yake ziko nguzo. Fundi hahitaji rula. Huushika mti, akauzungusha mara moja kiganjani, akautupa kwenye rundo lake. Mkoko wenyewe hutoa boriti nzuri. Mkandaa hutoa miti myembamba iliyonyooka, yenye magome mazito kwa rangi ya kutia ngozi dawa, na mchwa hauchangamkii.

Kwa karne nyingi majahazi yaliipakia miti hiyo, hasa kutoka Lamu, na kuisambaza Mombasa, Arabuni na Ghuba, ambako hakukuwa na miti ya kujengea. Kenya ilipiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Mikoko ya Mombasa yenyewe, kwenye hori la Tudor na kule Mwache nyuma ya Changamwe, imekatwa sana, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha tope lililoiua mingi ya Mwache. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Fundi wa leo basi hujenga zaidi kwa mvinje, unaopandwa mashambani Kwale na Kilifi kama zao la biashara. Mvinje hukua haraka, hunyooka, na haubagui ardhi: ndio mti ulioshika kwanza mwaka 1971 René Haller alipoanza kurudisha uhai kwenye machimbo matupu ya saruji ya Bamburi. Ila mchwa huupenda. Kwa hiyo nguzo ya mvinje huunguzwa mguu kwa moto kabla ya kufukiwa, au hupakwa oili chafu ya gari, na fundi aliyezoea mikoko huifanya kazi hiyo bila furaha.

Nguzo zikishasimama, mtambaa panya hulazwa juu yake kuizunguka nyumba nzima, na hapo paa huanza. Paa hutangulia ukuta. Mgeni hushangaa kuona nyumba yenye kofia kamili na ubavu wazi, lakini sababu ni nyepesi: udongo mbichi unataka kukauka polepole kivulini, na mvua ya ghafla ikiukuta nje, kazi ya juma zima hurudi kuwa tope. Makombamoyo hupanda kutoka kwenye mtambaa panya hadi mwamba wa kilele, na pau hufungwa juu yake kwa mlalo. Zamani zilifungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Siku hizi kwa kamba ya nailoni au misumari. Mteremko hukaribia nyuzi 45. Ukilala zaidi ya hapo, maji hukawia juu ya makuti na kuyaozesha. Ukisimama zaidi, upepo wa kusi huyashika.

Paa la nyumba kamili lina miteremko minne: vipaa viwili vikubwa na visusi viwili vya pembetatu kwenye ncha. Kuezeka kipaa ni kazi ya subira, na kijana hufundishwa kwa siku chache. Fundi hujulikana pale kipaa kinapokutana na kisusi. Kwenye mshipa huo kuti haliwezi kulala sawa kwa pande mbili. Lazima likunjwe, na kila mkunjo unaweza kuwa njia ya maji. Fundi mwenye mkono mzuri hupunguza majani ya upande mmoja, akalipindisha kuti la juu liyafunike mawili ya chini yake, akashuka kulitazama kutokea ardhini, akapanda tena. Mwenye nyumba aliye chini hujifunza kunyamaza wakati huo. Mshipa ukikaa sawa, hakuna atakayeusifu. Ukikaa vibaya, utasemwa kila masika.

Kuti lenyewe lina ufundi kabla halijafika juu. Kushona makuti ni kazi inayofanywa zaidi na wanawake wa vijijini Kwale na Kilifi, na makuti huuzwa kwa kuhesabu. Majani ya mnazi huchambuliwa kutoka kwenye utagaa wake, na kijiti chembamba cha urefu wa meta moja hivi huandaliwa. Jani moja moja hukunjwa juu ya kijiti, la pili likaligonga la kwanza nusu, la tatu likaligonga la pili, na uzi uliochanwa kwenye majani ya mkoma ukapita chini na juu kuyafunga. Mkono wa kushoto unakunja na kubana, wa kulia unapitisha uzi, na macho hayapo kazini kabisa. Yako kwa mwenzake aliye mkekani mkabala, kwenye habari za harusi ya jirani. Kuti likimalizika huinuliwa kwa ncha moja na kutikiswa. Jani likicheza, uzi unafunguliwa.

Makuti hupangwa juu ya paa kuanzia upenu kwenda kileleni, kila safu ikifunika sehemu kubwa ya ile iliyo chini yake. Mwenye uwezo hununua mengi na kuyasogeza karibu karibu. Mwenye machache huyatandaza. Siku ya kwanza mapaa hayo mawili hulingana kwa sura. Tofauti huonekana masika ya tatu.

Sasa ndipo huja ukuta. Fito hufungwa kwa mlalo pande zote mbili za nguzo, ndani na nje, mpaka nyumba inakuwa tundu kubwa lenye nafasi katikati. Nafasi hiyo hujazwa vipande vya mawe ya matumbawe, ambavyo Kisauni na ufuoni Likoni havitafutwi mbali, kwa kuwa ukanda wote wa bahari umekaa juu ya mwamba huo. Ukienda nyuma kidogo kutoka ufuoni unakutana na mchanga mwekundu. Changamwe ni habari nyingine. Huko ardhi inatokana na miamba laini ya tabaka tabaka, ya kale kuliko matumbawe, na udongo wake huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiwambaza cha udongo mtupu wa Changamwe hupasuka vibaya, kwa hiyo fundi wa huko huuchanganya na mchanga zaidi, na huzamisha nguzo zake chini zaidi. Mtu aliyejenga maisha yake yote Likoni akipewa kazi Miritini, huanza kwa kuufinyanga udongo kiganjani na kuutazama ukikauka.

Udongo huchimbwa palepale uani, na shimo lake baadaye hugeuzwa la choo. Jioni humwagiwa maji, ukalala usiku kucha. Asubuhi hukanyagwa kwa miguu mpaka uache madonge. Kisha mkandikaji huchota wa kujaza viganja viwili na kuurusha ukutani kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Kurusha ndiko kunakoleta tofauti. Udongo wa kupakwa hushika juujuu, na ukikauka hubanduka; wa kurushwa hupenya baina ya fito, ukagota kwenye mawe, ukajifunga nyuma ya miti. Mwenzake yuko ndani, mkabala naye, akifanya vivyo hivyo. Hawaonani, wanasikilizana: donge likiangukia pengo tupu hutoa mlio mwingine, na aliye upande wa pili huongeza jiwe bila kuambiwa.

Tabaka la kwanza likimalizika, kazi husimama kwa siku kadhaa. Methali inatuhimiza tuzibe ufa mapema tusije tukajenga ukuta. Mkandikaji yeye huusubiri ufa. Udongo unaokauka lazima usinyae, na nyufa zake ndizo zitakazolishika tabaka la pili, lililo laini zaidi na lenye mchanga mwingi zaidi. Anayeharakisha akapaka la pili juu ya la kwanza bichi hupata ukuta mzuri kwa mwezi mmoja. Baada ya la pili huja chokaa, au plasta nyembamba ya saruji kwa aliyejaliwa, na kiwambaza kinafanana na ukuta wa mawe kiasi kwamba mpita njia hawezi kutofautisha mpaka aone pembe iliyomeguka.

Huko kumeguka kumo ndani ya mpango. Sehemu ya chini ya kiwambaza hurushiwa matone ya mvua na hulika. Ndiyo sababu nyumba huinuliwa juu ya jukwaa la udongo na mawe, ambalo ukingo wake wa mbele hutiwa sakafu na kuwa baraza, na ndiyo sababu upenu hutokeza mbele namna ile. Baraza ambalo watu hulipenda kwa mazungumzo na bao lilianza na kazi ya kuuepusha ukuta na maji. Kinacholika hukandikwa upya baada ya masika. Kuti lililochoka hubadilishwa lenyewe, bila kuvua paa zima. Nguzo iliyoliwa na mchwa hung'olewa na nyingine ikapenyezwa mahali pake, na nyumba ikaendelea kusimama na watu wake ndani. Fundi aliyeijenga alijua kila kifaa kitakufa kwa wakati wake, akavipanga ili kila kimoja kife bila kukiburuta kingine.

Kwenye jua la mchana, ukiwa nyuzi 4 tu kutoka ikweta, paa ndilo linalopigwa; kuta hazipigwi sana ila asubuhi na jioni. Makuti yalilimudu jua hilo kwa kupumua. Lakini yanashika moto, mitaa imebanana, na kuyafanya upya ni gharama inayorudi, kwa hiyo mabati yameshinda karibu kila mahali. Mabati hayapumui. Fundi akajibu kwa kuacha kuta za ndani zisifike kwenye paa, hewa ya moto ipande na kutokea chini ya upenu. Nafuu hiyo ina bei yake. Kikohozi cha chumba cha kwanza husikika chumba cha tatu, redio ni ya nyumba nzima, na waliozaliwa humo hujifunza mapema kusema ya siri uani, karibu na bomba linalotiririka.

Hapa ndipo ukumbi unapoonyesha kazi yake ya pili. Mgeni hupiga hodi mlangoni, akakaribishwa barazani au akaishia ukumbini; hana sababu ya kuona kitanda cha mtu. Nyumba ya mawe ya Lamu ilifika hapo kwa kumpinda mgeni kwenye kona mara tu anapoingia. Nyumba ya Likoni haina kona, kwa kuwa kona ingekata upepo. Badala yake ina pazia kwenye kila mlango na pazia zito mwisho wa ukumbi, kabla ya uani, ambako wanawake wako kwenye majiko yao. Upepo unapita, jicho halipiti. Siku ya harusi au ya matanga mikeka hutandikwa ukumbi mzima, wanaume wakajaa baraza na kumwagika barabarani, wanawake wakajaa uani, na nyumba ya vyumba sita hupokea umati ambao hakuna sebule ya kisasa ingeumudu.

Kazi ya tatu ni ya fedha. Bandari, reli, na kuanzia 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, vilileta watu waliohitaji kitu kimoja: chumba, kwa mwezi, karibu na kazi. Waajiri walijenga landhi, safu za vyumba vinavyofungukia nje. Wenye nyumba za Kiswahili hawakuhitaji kujenga kitu kipya. Walikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na ukumbi ukampa kila mpangaji njia yake bila kukatiza kwa mwenzake. Nyumba ileile ikatosha familia moja ya watoto wengi, au familia sita zisizojuana, au mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne, na haikubomolewa ukuta hata mmoja ili kutoka hali moja kwenda nyingine.

Wengi wa wenye nyumba hizo hawakuwa, na hadi leo si, wenye ardhi iliyo chini yake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai pwani wayathibitishe, na waliokosa karatasi walibaki juu ya ardhi ya wengine. Mombasa ikazoea nyumba bila ardhi: mtu huuza, hurithi na hupangisha nyumba, huku akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Richard Stren, aliyeandika kitabu juu ya siasa za makazi ya Mombasa kilichotoka 1978, aliikuta hali hiyo imeshakomaa. Asiye na hati hajengi kwa mawe, ama kwa kukatazwa ama kwa busara. Udongo, fito na mabati vinaweza kuhamishwa au kusamehewa. Ukuta wa mawe hausameheki. Serikali nayo, kwa kanuni za ujenzi za 1968, ilidai vifaa vya kudumu mijini, ikalegeza kamba kwa marekebisho ya 1995. Kwa hiyo ufundi tunaousifu ulinolewa na dhiki pia, na si vyema kuusifu kana kwamba kila aliyeishi kwenye udongo aliuchagua.

Januari 2016 waliokaa kwenye shamba la Waitiki, Likoni, ekari zaidi ya 900, walianza kupewa hati. Tukio la namna hiyo hubadilisha vifaa haraka: hati ikishatiwa kabatini, mawe huanza kurundikwa nje. Mawe yenyewe hayatoki mbali. Ni matumbawe yaleyale yaliyokuwa yakijazwa baina ya fito, sasa yamekatwa matofali kwenye machimbo; na saruji ya kuyaunganisha ni chokaa ya matumbawe hayohayo, iliyosagwa na kuchomwa Bamburi tangu 1954. Lakini ramani haibadiliki. Tazama nyumba mpya za mawe za Mshomoroni, au ghorofa za vyumba vya kupanga za Magongo: kila ghorofa ina ukumbi wa katikati, vyumba kulia na kushoto, na mwishoni mahali pa maji na pa kufulia panaposhika nafasi ya uani. Fundi aliyepanda kutoka udongo hadi zege amepanda na mstari wake wa katikati.

Kinachobadilisha ramani ni ramani za kununua. Huja zimechorwa vizuri, na picha ya gari mbele: sebule kubwa yenye mlango wa barabarani, jiko ndani, vyumba nyuma vyenye dirisha upande mmoja tu, upenu mfupi kwa sababu mtindo unataka paa lijifiche. Nyingi zilibuniwa kwa Nairobi, iliyo kwenye kimo cha meta 1,700 hivi, ambako shida ya usiku ni baridi. Zikisimamishwa Kiembeni, hewa huingia chumbani isijue pa kutokea, jua la saa tisa hupiga ukuta usio na kivuli, jiko likajaza sebule moshi wa samaki, na mwenye nyumba ananunua kiyoyozi ili kulipia kosa la mchoraji. Shemeji na majirani wakija kwenye msiba, turubai hukodiwa.

Anayejenga pande hizi hana haja ya kurudi kwenye udongo, na makuti ayatake tu kama ana nafasi na fedha ya kuyatunza. Ila kabla ya kulipia mchoro wowote, aende mtaani kwake mchana wa kaskazi, aombe kukaa dakika chache kwenye ukumbi wa nyumba ya vyumba sita yenye milango wazi, kisha arudi kwa mchoraji na swali moja: upepo unaingilia wapi, na unatokea wapi? Akijibiwa kwa kidole juu ya karatasi, waendelee. Akijibiwa kwa jina la mtindo, fedha zibaki mfukoni.